Makofi ya Kiwandani

Leipzig, 11 Oktoba 1942

Baba mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Kifua chake kimepoa? Mimi mzima, ila vidole vimeota sugu. Wiki hii okestra yetu imepiga katika viwanda vitatu vya risasi, wafanyakazi wakila supu yao ya mchana. Mkuu wetu husema, "Fidla nayo ni bunduki."

Jana Volkmar alikuja kunisikiliza, na mkongojo wake. Mkuu akamwita jukwaani: "Huyu ndiye tunayempigia!" Watu wakasimama, wanawake wakalia. Ungemwona mdogo wangu, Baba! Kesho anarudi vitani, kwenye mto Volga.

Binti yako,
Hedwig

Meissen, 16 Oktoba 1942

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako bado anakohoa, lakini anapika.

Volkmar alituandikia kwamba daktari kamwongezea wiki sita za kupumzika nyumbani, mguu haujapona. Tulishamtandikia kitanda. Kulitokea nini? Nimepiga kinanda kanisani miaka thelathini. Najua muziki unaweza kumwinua mtu kitini. Anakokwenda akishainuka, anayepiga naye ana lake la kujibu.

Baba yako

Leipzig, 4 Februari 1943

Baba,

Shikamoo. Sijui hata niwaulizeje hali. Mmesikia redio: jeshi letu la Volga limekwisha. Tunapiga muziki wa huzuni siku tatu mfululizo. Mkuu kasema, "Polepole. Watu walie, lakini wasiulize."

Volkmar ameandika? Nijibu.

Hedwig

Leipzig, 7 Machi 1943

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima hujanijibu, basi niseme.

Volkmar alinijia na karatasi ya daktari mfukoni. "Dada, mwenzio naenda nyumbani kulala," akacheka. Mimi ndiye niliyempa Mkuu jina lake. Nilitaka wajue nina ndugu shujaa. Baada ya makofi akanishika mkono: "Sasa nitaendaje kwa Mama? Wote hawa wameniona."

Neno moja tu lingetosha: nenda. Nilimwambia, "Umependeza pale juu."

Binti yako, kama bado ni binti yako,
Hedwig

Meissen, 15 Machi 1943

Hedwig, mwanangu,

Marahaba. Jeshi limeandika: hajulikani alipo. Ndiyo sababu ya kimya changu.

Mama yako aliniomba nimsomee barua yako. Nikamsomea kwamba u mzima na unakula vizuri. Yaliyobaki nikayakunja, hayo si ya kusemwa na kinywa changu.

Njoo Pasaka. Atakufungulia mlango mwenyewe, atakuuliza kama una njaa. Kula kwanza. Kisha umwambie.

Baba yako