Kwa Magdalene Ngendo, Aliyeliandika Handaki

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya baridi ya Julai tulipokuja hospitalini Thika na uji wako tukakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Uji tuliurudisha nyumbani. Hakuna aliyeunywa.

Wasiokujua na wajue kwamba ulikuwa mtu wa kucheka. Mgeni alipobisha mlangoni ulimwambia, "Ingia, na kama ni mwizi, umechelewa." Githeri yako ya mahindi na maharagwe haikuwa na chumvi ya kutosha hata siku moja, na aliyelalamika alitumwa kuni. Ulitembea mbio kama mtu anayeitwa. Mtoto aliyekosea hukumpiga. Ulimketisha akueleze alichofanya, tangu mwanzo, pole pole, mpaka yeye mwenyewe akaanza kulia.

Chuo cha ualimu ulikianza ukiwa msichana, ukakiacha ulipochukua mimba ya kwanza. Baba alipokamatwa Nairobi katika Hali ya Hatari na kupakiwa lorini pamoja na wengine, nasi tukabomolewa nyumba na kukusanywa kijijini hapo juu ya Ruiru, kanisa lilikuombea pasi ya kutoka kijijini urudi kusoma. Dada yako, Tata Nyawira, alishika kichwa. "Ngendo! Utakaa dawati moja na wasichana unaoweza kuwazaa?"

"Nitawaambia waketi vizuri," ukasema.

Wasichana hao walikuita Cucu, yaani nyanya. "Cucu, mbuzi umemwachia nani?" waliuliza ulipochelewa kengele. Ukawajibu kwamba wa nyumbani wana adabu, umekuja kuchunga hawa. Nafuna, aliyelala kitanda cha jirani yako, ametuandikia kwamba hajacheka vile tena.

Insha zako za kwanza zilikuwa nguo za kuazima. Jua lako lilichomoza kila mara kama bibi harusi, na mito yako yote ilitiririka kwa madaha. Mwalimu alikupa alama nzuri. Ulipokuja likizo ukawasomea wanawake waliokuwa wameketi uwanjani wakisokota mkonge pajani na kusuka viondo, nao wakasema vizuri, vizuri, huku wakisuka. Hapo ndipo ulipojifunza jambo ambalo chuo hakikukufundisha. Msusi haachi uzi ovyo, maana uzi ukiachwa katikati hulegea. Kwa hiyo mikono ikiendelea, maneno yako yanapita kama upepo. Mikono ikisimama, umesema kitu. Tangu siku hiyo ulisoma jicho moja kwenye karatasi na jicho moja kwenye mikono yao, na kila mahali mikono ilipoendelea ulipiga mstari.

Jua la bibi harusi likaenda. Mito ikaenda. Ukaandika jinsi mwanamke anavyoficha viazi chini ya majani ndani ya kiondo apitapo lango la kijiji, na jinsi mlinzi wa lango, kijana ambaye mwanamke huyo huyo alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, anavyoingiza mkono na kuvitoa kimoja kimoja bila kumtazama usoni. Mikono ya uwanja mzima ilisimama. Rafiki yako Wamboi, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akaangusha uzi.

"Ngai! Huyo si ni mimi?"

"Ni wewe."

"Haya. Umeniweka, basi usinitoe."

Ilikuwa ni mvua ya Aprili, mwaka wa hamsini na sita, na hata mwanafunzi aliyekuja likizo alitakiwa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba handaki linalozunguka kijiji. Wamboi alikuwa chini akijaza udongo. Wewe ulikuwa juu ukipokea karai. Ukuta ulikuwa umelewa maji na mlisikia udongo ukitoa sauti. Mkamwambia mlinzi aliyewasimamia. "Nyinyi chimbeni," akasema, "udongo hauna mdomo." Uliinama kupokea karai, ukaona ukuta ukishuka. Mlimfukua Wamboi kwa kucha. Jioni ilitangazwa kijijini kwamba mwanamke mmoja amefariki kwa homa.

Chuoni uliiandika siku hiyo muhula mzima. Uliandika na kufuta, ukawasomea wasichana bwenini nao hawakukuita Cucu tena. Mkuu wa chuo alikuita ofisini. Ulitusimulia maneno yake mara nyingi kiasi kwamba tunayajua kwa moyo.

"Ngendo, sijapata mwanafunzi anayeandika hivi. Nitaichapisha katika jarida la chuo. Lakini mama huyu afe kwa homa, kama ilivyotangazwa. Vinginevyo sitaweza kukutetea, na cheti utakisahau."

Ulitufikiria sisi. Baba yuko kizuizini kambini, kaka yetu Gachanja yuko darasani, na mwalimu mwenye cheti hupewa nyumba ya shule nje ya kijiji cha handaki. Ulilitoa handaki, ukatia homa. Ukapata cheti, ukapata kazi Ruiru, nasi tukahamia nyumba yenye dirisha la kioo.

Jarida lilipotoka ulirudi uwanjani kuwasomea. Ulisoma vizuri, Mama. Sauti yako ilikuwa ya mwalimu sasa. Na mikono iliendelea. Hakuna hata mmoja aliyepoteza uzi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mama yake Wamboi alikuwepo. Aliposikia mahali pa homa alikunja kiondo chake, akainuka kwa shida ya magoti.

"Ngendo, wewe ulikuwa juu yake na karai. Hiyo homa uliiona wapi?"

Hakungoja jibu. Alikwenda zake.

Siku hizo hukula vizuri. Tata Nyawira alikushika bega jikoni akakuambia, "Dada, nyamaza. Una cheti. Wamboi hafufuki hata ukiandika kwa wino wa dhahabu."

"Najua hafufuki," ukasema. "Walimfukia mara moja. Mara ya pili ni mimi."

Basi ukaandika upya. Wanafunzi walipokwenda nyumbani ulibaki darasani, na aliyepita nje alikusikia ukijisomea kwa sauti, ukikosa, ukianza tena. Ulirudisha handaki, mvua, karai, na maneno ya mlinzi. Uliandika jina la Wamboi na jina la kijiji, na chini ukaandika Magdalene Ngendo, mwalimu. Tata Nyawira alikusihi utumie jina la bandia. Ulimwambia kwamba Wamboi hakufa kwa jina la bandia.

Gazeti la Nairobi liliichapa yote. Mama yake Wamboi alikuja shuleni kwa miguu, ingawa pasi yake haikufika huko. Hakujua kusoma. Alikuomba umwonyeshe lilipo jina la mwanawe, ukalionyesha.

"Hapa?"

"Hapo."

Aliweka kidole juu yake, akakaa hivyo mpaka mapumziko yakaisha na watoto wakarudi madarasani.

Kisha ikaja gharama, kama ulivyojua itakuja. Uliitwa, ukarudi bila cheti. Tuliambiwa tutoke katika nyumba ya shule, na vyombo vyetu vikakaa barabarani mchana kutwa. Gachanja aliacha masomo akaenda mashamba ya mkonge ya Ngoliba, na mikono yake imekatikakatika hadi leo. Wapo waliokukwepa njiani. Mchungaji aliacha kukuita kusoma Neno. Mlinzi yule wa handaki bado ni mlinzi.

Ulipata kazi katika kiwanda cha matunda, upande wa viwanda Thika, kuosha mananasi. Mlisimama ndani ya maji kutwa nzima. Syombua, aliyekuwa akiosha pembeni yako, anasema ulikuwa ukiwasimulia hadithi mkiosha, na ulipokatizwa na kikohozi aliwatania wenzake, "Ngojeni Mwalimu ameze mate, mananasi yenyewe yanasikiliza." Anasema pia kwamba ulikuwa ukiunga sentensi kwa sauti ndogo, ukizigeuza, ukiuliza ipi ni bora. Ulikuwa unaandika bila karatasi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo miezi uliyoandika vizuri kuliko yote, na hakuna neno lake lililobaki.

Baridi iliingia kifuani Juni. Msimamizi alisema anayeumwa akae nyumbani, na anayekaa nyumbani asirudi. Ulikwenda kazini mpaka ulipoanguka sakafuni.

Matangazo ya namna hii gazetini husema kwamba marehemu alilala usingizi wa amani. Wewe hukulala. Ulikohoa siku nyingi, ulipigania pumzi, ulikasirika, na mara moja, homa ikiwa kali, ulimlilia mkuu wa chuo akurudishie cheti. Wapo wanaotuambia ulijiponza. Tunawajibu kwamba mtu aliyekuponza anajulikana na bado anashika bunduki langoni. Lakini hatusemi kwamba haikuuma, wala kwamba nyumba hii haikutamani, siku za njaa, ungeiacha ile homa mahali pake. Ulilijua hilo. Ulimtazama Gachanja miguuni pa kitanda, na mikono yake, ukasema, "Baba yenu akiuliza, mwambieni yote. Msimpunguzie hata kidogo. Na haya ya mikono yako mwambieni pia."

Tumemwandikia kambini, Mama. Tumeandika na kuandika. Hakuna jibu, na hatujui kama barua zetu zinamfikia au zinachanwa njiani. Magazeti, wanasema, hupenya.

Unakumbukwa na dada yako Nyawira, na wanao, Gachanja na sisi dada zake, na mama yake Wamboi, aliyeomba atajwe humu kama ndugu, na Nafuna, na Syombua na wenzake wa kiwandani. Unakumbukwa na mume wako Kang'ethe, ambaye huenda mpaka alipofika mstari huu alikuwa bado anadhani u hai.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama, wala hatutakupunguza.

Ruiru, Julai 1959