Majani ya Saloni ya Mama Apolline

Kindu, tarehe 8 Januari 1979

Mama,

Jambo nyingi. Umeamkaje huko Kibombo, na muguu wa Mama mukubwa Adèle uliovunjika unaendeleaje? Mimi niko muzima, ni mafua tu ya mvua.

Yale majani yako ya vyungu, yenye mistari myeupe na vitoto vinavyoning'inia, yananishinda. Ninayamwagilia asubuhi na jioni, lakini ncha zinakauka, zinageuka rangi ya tumbaku, na shina linalegea. Tena Baba mudogo Godefroid amefika kutoka Pangi. Anasema nyumba ya marehemu kaka yake haiwezi kubaki na binti peke yake. Analala saloni, pale tunapopokea wageni, na vyungu vyote amevitoa juani. Eti majani ndani ya nyumba yanaita nyoka. Nifanye nini?

Mutoto wako, Émilienne

Kibombo, tarehe 2 Februari

Émilienne mwanangu,

Barua yako imenikuta kando ya kitanda cha mugonjwa. Hajasimama bado, anakusalimu. Mafua hayo, kunywa limau na maji ya moto.

Unayazamisha. Mizizi yake ni minene, inaweka maji yenyewe, ukizidisha inaoza. Tia kidole katika udongo. Pakiwa pakavu, njo unamwagilia. Maji ya robine, yale ya bomba, yana dawa, inachoma ncha. Kinga maji ya mvua. Ncha zilizokauka kata kwa makasi. Jua kali hapana, weka dirishani nyuma ya pazia.

Baba mudogo umuheshimu.

Mama yako

Kindu, tarehe 26 Februari

Mama,

Salamu, na pole kwa kazi ya mugonjwa. Nilirudisha vyungu dirishani, nikakinga mvua, na majani mapya yakatoka safi. Kisha Baba mudogo akaleta muke wake na masanduku. Vyungu vimerudi juani, majani yameungua, na muke wake anayamwagia maji ya vyombo yenye sabuni.

Jana, mbele ya jirani yetu Onema, Baba mudogo alisema wewe umehama na nyumba imerudi kwa ukoo. Mama, umehama?

Mutoto wako, Émilienne

Kibombo, tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Unalala vizuri? Mama mukubwa ameanza kusimama kwa fimbo.

Kata vile vitoto, uviweke katika bilauri, maji yaguse chini tu. Vikitoa mizizi, panda katika chungu kidogo. Kikubwa kinashika maji mengi. Uvumilie.

Mama yako

Kindu, tarehe 17 Aprili

Mama,

Wewe muzima? Nilikuuliza juu ya nyumba, umenijibu juu ya bilauri.

Nimefanya ulivyosema. Vitoto viwili vimeota, nimevipeleka kwa Onema. Baba mudogo ameniambia nihamie jikoni. Nilimuuliza kwa heshima kama wewe umekubali. Akajibu, "Mama yako anajua. Amenyamaza."

Ninakwenda Kampene, kwa rafiki yangu Julie anayeuza nguo sokoni. Usiniandikie tena juu ya majani.

Émilienne

Kindu, tarehe 9 Juni

Émilienne mwanangu,

Wewe na Julie hamjambo? Sijui kama chakula cha Kampene kinakufaa.

Niko nyumbani. Nilishuka treni na Mama mukubwa, tukamukuta Godefroid kwenye kiti cha baba yako. Nilimwambia, "Nilikwenda kutunza mugonjwa. Sikuhama." Akataja ukoo. Mama mukubwa akaketi juu ya kitanda cha Godefroid hapo saloni, akakataa kuinuka. Onema akaja na majirani wengine, wakasema wanajua nani alifyatua matofali ya nyumba hii pamoja na marehemu. Walibishana mpaka jua likashuka. Jumapili Godefroid na muke wake wakapakia masanduku yao. Ameondoka bila kuniaga, na watu wa ukoo wa Pangi hawanisalimu tena.

Sasa ninakujibu. Niliogopa. Kugombana na ndugu ya baba yako niliona ni kama kumuzika mara ya pili, basi nikakuandikia yale niliyoyaweza. Wewe ulibaki peke yako na mutu yule.

Una haki ya kukasirika. Lakini usikasirike ukiwa huko mbali. Panda gari, uje unigombeze hapa.

Mama yako, Apolline