Ombi la Fundi wa Lifti

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama halimsumbui tena. Mimi sijambo, ila kichwa kinaniuma kwa kusoma.

Kampuni yetu imeamua kutengeneza gemu la anga la kuchezwa mtandaoni. Kabla ya kuanza, wakawauliza mashabiki: gemu la ndoto yenu likoje? Yamekuja maombi elfu nne na ushee. Na nani kapewa ayasome yote? Mdogo wako.

Wanataka anga moja kwa watu wote, si kila kundi kufungiwa kwenye seva yake. Wanataka kushuka kutoka chomboni hadi kwenye udongo wa sayari bila kusubiri chochote kipakie. Vyombo vichakae. Mtu akifa, kifo kiwe na uzito. Viumbe wa sayari nyingine wasiwe binadamu waliopakwa rangi ya kijani. Mmoja ameandika kurasa kumi na moja kuhusu choo cha chombo cha anga na nani atakizibua. Mwingine hataki vita kabisa, anataka kufungua saluni kwenye kituo cha mwisho kabla ya giza.

Nimelitafuta ombi lako, silioni. Wewe ndiye uliyenifundisha haya mambo, tumebanana kwenye kiti kimoja tukigombea kibodi. Miaka sita tulirusha chombo kimoja kwenye lile gemu la zamani, wewe rubani, mimi fundi wa injini, mpaka wenyewe walipolizima. Sasa wameuliza hasa kile tulichokuwa tukikiota, halafu wewe kimya. Kulikoni?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Goti limetulia, mdomo ndio haujatulia.

Sijaandika ombi kwa sababu sichezi tena tangu mwaka jana. Mwanzo nilidhani kioo cha kompyuta kimechafuka, nikakifuta mpaka nikakikwaruza. Kisha nikaanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Mwezi wa kumi nilikuwa juu ya paa la kibanda cha lifti, ghorofa ya tisa, nikanyoosha mkono nishike ukingo, kumbe ukingo haupo. Mwenzangu akanidaka kwa mkanda wa kiunoni.

Daktari anasema ni presha ya macho. Imenila kimyakimya bila maumivu. Kilichokwenda hakirudi. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kazini wamenitoa kwenye lifti, wameniweka stoo nigawe bisibisi na glavu.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungepanda basi la kwanza uje unilishe kwa kijiko. Ukija kwa ajili hiyo, nafunga mlango.

Ombi langu hili hapa, liingize kama ya wenzangu: Nataka gemu ambalo nikizima kioo, bado mimi ni rubani.

Kaka yako

23 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimelia chooni kazini mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kugonga. Basi, nimemaliza kulia. Sikukasirikii kwa macho, nakukasirikia kwa miezi mitano ya kunificha. Siji na kijiko. Kunjua uso wako.

Ombi lako ni namba 4,118. Leo nimelipeleka kwa bosi. Unakumbuka nilikwambia ni mama mmoja mwenye sauti ndogo, akiongea lazima uiname.

Akauliza, "Wangapi wameomba hivi?"

"Mmoja."

"Na wanaotaka vita vikubwa zaidi?"

"Elfu mbili na mia tatu."

"Umeshajijibu."

Nikamwambia, "Bosi, wasioweza kucheza walishatoka mlangoni siku nyingi. Hawawezi kutuandikia maombi. Huyu mmoja kageuka nyuma mara moja tu kututazama."

Akazungusha kalamu, akazungusha. Mwisho akasema, "Siku zako za mapumziko ni zako. Nioneshe kitu kabla mwezi wa tisa haujaisha."

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi hii, mimi na namba 4,118.

Mdogo wako

17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hali yako? Na matone ya macho, unayatia kwa saa zake au unamdanganya daktari? Mama kaniambia kwenye simu kwamba umekuwa mkali. Nikamwambia hiyo si habari mpya.

Nimekutumia toleo la kwanza. Kuna chombo kimoja, kituo kimoja, na vimondo vichache katikati. Zima kioo, vaa hedifoni, peleka chombo kituoni. Kuna sauti itakayokuongoza. Niambie ukweli, usinionee huruma.

Mdogo wako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Matone natia. Huruma sina, kwa hiyo tulia usome.

Umeniwekea yaya. "Jiwe kulia. Jiwe kushoto. Geuka kidogo. Hongera." Mtu mzima na ndevu zangu naambiwa hongera! Hapo rubani ni yule mwanamke anayesema. Mimi ni vidole vyake tu.

Sikiliza nikwambie. Miaka kumi na saba nimetengeneza lifti. Nikiingia kwenye kibanda najua beringi inayokufa kabla mwenye jengo hajajua kama ana tatizo. Mota ikivuta mzigo mzito ina mguno wake. Waya ukilegea una mluzi. Lifti tupu hailii kama lifti yenye watu sita. Hakuna aliyewahi kusimama sikioni mwangu kuniambia "beringi mbovu, geuka kulia." Lifti ilisema yenyewe, nikaielewa.

Chombo chako kiseme chenyewe. Injini ichoke nisikie imechoka. Vumbi likwaruze ubavu wa kushoto nijue liko kushoto. Kituo kiwe na mvumo wake kama jengo kubwa lenye mitambo chini, nikaribie nausikia unanijaa kifuani. Najua mashabiki watapiga kelele kwamba angani hakuna hewa, sauti haisafiri. Waambie ni chombo kinachobadilisha kila kinachokipata kuwa sauti, wasilete ujuaji.

Bado nina ruhusa ya kuingia chumba cha mota pale kwenye jengo la ofisi. Jumapili nilikwenda na yule mwenzangu aliyenidaka, nikarekodi lifti nne kwa simu. Nakutumia. Ya tatu ni mgonjwa, isikilize vizuri.

Kaka yako

28 Mei

Kaka wa pekee,

Shikamoo, na asante kwa lifti. Nimeishi nazo mwezi mzima. Jirani yangu wa ukuta wa pili kaniuliza kama nafungua kiwanda.

Ya tatu niliisikiliza siku nne nikisikia mngurumo tu. Siku ya tano, nikiwa naosha vyombo, nikausikia: kuna kikohozi kidogo kila mzunguko, tik, halafu kimya, tik. Niliacha bomba la maji linatiririka nikakimbilia kompyuta. Ndivyo injini ya chombo chetu inavyoumwa sasa.

Yaya nimemfukuza. Hakuna neno hata moja. Toleo la pili liko kwako tangu jana. Ni gumu. Mimi mwenyewe nikizima kioo sifiki popote.

Nasubiri matusi yako.

Mdogo wako

16 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hamjambo hapo? Mama anasema una kazi nyingi stoo, ndiyo maana huandiki. Stoo ya bisibisi ina kazi gani hiyo? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

9 Julai

Kaka,

Shikamoo. Simu yako imezimwa. Mama ananiambia umelala, kila siku, saa yoyote ninayopiga. Najua kuna kitu. Sitakuja mpaka uniite, niliahidi. Lakini naendelea. Nimetenganisha sauti za mbali na za karibu, nimeipa kila aina ya jiwe mlio wake. Kila Jumamosi niko hapa. Ukiamka, utalikuta gemu lako linakusubiri.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba kwa shikamoo zote ulizonitumia nisizijibu. Barua hii naitamka, simu inaiandika. Ikiandika upuuzi, mwenye kosa ni simu.

Walinipasua jicho la kulia mwezi wa sita kuokoa lililobaki. Halikuokoka. La kushoto likafuata wiki tatu baadaye, kama vile lilikuwa linangoja mwenzake. Sasa najua kama dirisha liko wazi au limefungwa, basi.

Sitakupamba. Niligeukia ukutani nikakaa hivyo wiki sita. Sikunyoa, sikuongea. Mama nilimkataza asikwambie, naye akawa anakudanganya kwenye simu huku mimi namsikia sauti ikimkatika. Siku moja akaingia, akanivalisha hedifoni bila hata kuniuliza. Akasema, "Nina mtoto mmoja kule anafanya kazi siku zake za kupumzika. Mwingine kalala hapa. Na mimi nimechoka kusema uongo katikati yenu."

Akakaa kitandani hapo hapo mpaka nikabonyeza.

Nilivunja chombo mara thelathini na moja, Mama kazihesabu. Mara ya kwanza sikuelewa hata niko wapi. Ya kumi nilianza kulisikia vumbi. Ya ishirini nikajua mawe ya chuma yanalia kwa sauti ya juu na ya barafu yanapasuka kama kuni mbichi. Mara ya thelathini na mbili niliacha kuhangaika. Nikazima injini kabisa, chombo kikateleza chenyewe, nikasikiliza. Kituo kilikuwa chini kidogo upande wa kushoto, kinavuma. Nikakifuata. Ule mvumo ukaja ukaniingia kifuani kama nilivyokwambia, halafu vishikio vya chuma vikafunga: ga, ga, ga, ga. Nikapiga ukelele mpaka Mama akadhani nimeanguka.

Mdogo wangu, nilikuwa mahali fulani. Kwa muda wa dakika zile, sikuwa kitandani.

Sasa matusi. Mlio wa kuishiwa hewa unafanana mno na wa mlango. Nimekufa mara nne nikisubiri mtu aingie. Rekebisha kabla hujamuonesha bosi.

Kaka yako

22 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mengine nitayasema tukionana. Mpe Mama mkono wangu.

Ya hewa nilirekebisha siku ile ile. Bosi nilimwekea hedifoni nikazima kioo. Akavunja chombo mara saba, akakataa kwenda kula. Akasema, kwa sauti yake ile ndogo, "Hii si ya ombi namba 4,118 peke yake. Iwe ya gemu zima."

Wiki iliyopita tuliwafungulia mashabiki mia tatu kwa majaribio, nawe ukiwemo kama mchezaji wa kawaida. Sikumwambia mtu zaidi ya bosi. Sasa kuna jambo. Ile sehemu tuliyoijaza wingu zito la vumbi, ambako kioo hakioneshi kitu, hakuna aliyeipita kwa uwezo wake isipokuwa chombo kimoja, chako. Kimepita mara tano. Kimevusha vyombo vya watu kumi na wawili nyuma yake.

Yamekuja malalamiko. Mchezaji mmoja anayejiita Mwashi anasema rubani huyo ni tapeli, ana programu ya wizi inayomwonesha njia ndani ya vumbi, anataka afungiwe maisha. Watu arobaini wameunga mkono.

Naweza kulimaliza jambo hili sasa hivi. Nikiandika mstari mmoja tu kwamba huoni, wote watanyamaza na kuomba radhi. Nifanye hivyo?

Mdogo wako

23 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Usithubutu.

Nimeitwa tapeli! Mama alinisikia nacheka akaja mbio. Unajua ni muda gani sijaonewa wivu na mtu? Tangu mwezi wa kumi nimekuwa maskini-wa-Mungu wa kila anayenisalimia, wananishika kiwiko kunivusha chumba ninachokijua. Leo watu arobaini wanataka nifungiwe kwa sababu nawazidi. Usininyang'anye hilo kwa huruma.

Nichunguzwe kama mwingine yeyote. Na usinichunguze wewe, dada mtu. Mpe mtu asiyenijua. Akikuta nimeiba, anifungie.

Kaka yako

6 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Nimejitoa, bosi akampa kijana wa usalama wa seva ambaye hata mimi hanisalimii. Siku tisa amepekua kila kitufe ulichobonyeza. Hiki ndicho alichobandika leo kwenye ukuta wa mashabiki, neno kwa neno:

"Hakuna programu ya wizi. Mchezaji huzima injini kila baada ya sekunde ishirini, hutulia, kisha hugeuka. Kila taarifa aliyoitumia imo kwenye sauti ya gemu, na kila mchezaji anayo. Malalamiko yamekataliwa."

Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, usiwe na wasiwasi.

Yule Mwashi alinifuata jana kituoni, ndani ya gemu. Kumbe kweli ni mwashi, anajenga kwa matofali, sauti nzito ya kikohozi cha saruji. Akasema, "Kiongozi, nilikuita mwizi mbele za watu." Nikamwambia ndiyo, nilisikia. Akasema, "Basi nifundishe hicho unachokifanya."

Nikamuuliza kama kioo chake kimewaka. Akasema kimewaka. Nikamwambia, "Kizime."

Akasita. "Sasa nitaonaje?"

"Huoni. Kizime, ukae hapo, uniambie injini yangu inaumwa wapi."

Akakizima. Alikisia vibaya mara sita. Mara ya saba alikaribia. Akauliza kama leo anaweza kuja na wenzake watatu, nikamwambia waje, ila wasiniletee maneno mengi, chombo kinahitaji kusikika.

Nimemaliza kuitamka barua hii. Hapa nilipo nawasikia kwenye hedifoni wanafungua mlango wa nje wa chombo changu, wanne, mmoja anaburuta mguu. Ngoja niwapokee.

Kaka yako, rubani