Nilibandika Bei Kwenye Mikungu, Wateja Wakanikimbia

Mshauri mpendwa, pole na kazi. Naomba unisaidie maana nimechoka, nimechoka hata kuulizwa habari za ajira. Mimi ni binti wa kijiji cha Masoko, nina shahada ya biashara, nimetuma maombi mpaka nimeacha kusubiri majibu, na kwenye usaili mmoja nilioitwa Mbeya waliniuliza nimewahi kumuuzia nani kitu gani, nikaanza kuwatajia masomo niliyofaulu. Sasa Mama Mwantum anayeuza ndizi sokoni Tukuyu akakubali kunijaribu, akaniachia meza kutwa nzima, nami nikabandika bei kwenye kila mkungu ili nisisumbuliwe, basi mama mmoja akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Mwagonile," akitaka tupatane bei, nikamwonyesha karatasi kwa kidole, akaguna akaenda meza ya jirani, wenzake wakamfuata, na mpaka jioni sikuuza kitu. Mama Mwantum aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Rudi Jumatatu, ukae pembeni yangu uone." Lakini baba hataki hata kusikia. Anasema, "Sekela, sikukusomesha ukauze ndizi. Ndizi hata hapa nyumbani zipo!" Anataka ningoje kazi ya ofisini, na mimi aibu ya siku ile bado inaniuma. Niende au nibaki?

Sekela, Masoko

Sekela, pole. Barua kama yako napokea nyingi mno, na zinanichosha, maana mnapewa vyeti kabla hamjawahi kumuuzia mtu hata kiberiti. Hilo si kosa lako. Ila la salamu ni lako, mwanangu! Umekulia Masoko, nani alikufundisha kumjibu mama wa watu kwa kidole? Mteja wa Tukuyu anataka aulizwe za nyumbani, apunguziwe kidogo, aongezewe ndizi mbili tatu, aondoke akijiona ameshinda.

Halafu niambie, ni mwajiri gani mwingine atakuona ukiharibu kutwa nzima na bado akuite? Usimchezee huyo mama. Baba yako naye simlaumu, anaona haya mbele ya majirani. Lakini haya yake haitakupa kazi, na miaka inakwenda.

Usibishane naye. Jumapili mkitoka kanisani mpikie chakula kizuri, mweleze kwa upole, umwombe baraka. Akinuna, mwache anune. Jumatatu vaa kandambili, nenda. Akikuuliza unakwenda wapi asubuhi yote hiyo, usiseme sokoni. Mwambie unakwenda kazini.