Nyusi za Bi. Rozina

Jumanne, 14 Februari 2006. Granville. Nje joto kali, ndani yangu baridi.

Shajara yangu, leo ilipaswa kuwa siku tamu kuliko zote. Siku ya Wapendanao ya kwanza tangu Elia anioe! Wiki sita sasa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni natabasamu peke yangu jikoni.

Lakini nimeharibu.

Kule Parramatta ninakotunza wazee yupo mama mmoja, nitamwita Bi. Rozina. Zamani alikuwa mwigizaji wa Hollywood. Alifika huko ana miaka kumi na tisa. Wakubwa wa filamu wakambadilisha jina, wakamnyoa nyusi ili wamchoree nyembamba zaidi. Hazikuota tena. Wakamkataza hata kuolewa na mchumba wake wa hapa Sydney, eti watazamaji wampende akiwa hana mtu. Alicheza filamu kumi na moja, kisha wakamchoka. Aliporudi, mchumba alishakuwa baba wa watoto watatu.

Kila asubuhi mimi ndiye ninayemchora nyusi kwa wanja. Bila nyusi hatoki chumbani.

Aliniomba nimlete Elia leo. "Nimwone huyo anayekufanya uimbe ukitandika vitanda!" Gauni alilichagua tangu Ijumaa. Nikamfundisha na kuitikia "marahaba". Neno hilo alilifanyia mazoezi kama anajifunza sehemu yake kwenye filamu.

Asubuhi nilimwosha, mdomo wangu haufungi. Elia hivi, Elia vile. Nikamvisha, nikamsukuma kwenye kiti chake hadi sebuleni. Elia alikuwa ameshafika, ana mawaridi mawili, langu na la Bi. Rozina.

"Shikamoo, bibi," akainama.

Bi. Rozina akajiona kwenye kioo cha kabati nyuma ya Elia. Akachukua kitambaa cha mezani, akajifunika uso wote.

Hapo ndipo nilipokumbuka wanja.

Shikamoo ya mume wangu ilibaki hewani. Nilimrudisha chumbani, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Hakulia. Alisema tu, "Nimetazamwa na dunia nzima, binti. Leo wewe hukunitazama."

Ni kweli. Nilikuwa namwosha huku namwona Elia.

Waridi lake liko kwenye glasi, hapa mezani kwetu. Elia ananiambia, "Usijali, mke wangu, atasahau." Sitaki asahau. Nataka anisamehe.

Kesho nitaingia na waridi na wanja, mdomo nimeufunga. Nitasema neno moja tu: shikamoo.

Sijui kama ataitikia.