Mpira wa Muzee

Jumatatu, 4 Juni 1956

Tumeokota mawe tena. Kila mazoezi ni hivyo. Sisi vijana tunafika kwanza, tunainama, tunatoa makoro kiwanjani, yale mawe meusi ya volkano ambayo hapa Goma yanaota kama uyoga. Ukiyatoa leo, kesho yapo. Kiwanja kikiwa safi ndipo wakubwa wanakuja, wanajinyoosha, wanauliza kwa nini kuna vumbi.

Papa Anselme alikuja wa mwisho. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, kwa hiyo ni baba yangu. Ni mwashi. Ninalala nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo. Mchana ninamchanganyia chokaa, jioni ninampelekea mipira. Ni kapiteni wa timu yetu, Makoro, na anacheza mbele. Mimi ni demi, kiungo wa katikati. Kila mpira unapita kwangu na mimi ndiye ninayeamua uende wapi.

Hivyo ndivyo inavyosemwa. Ukweli ni kwamba siamui kitu. Kwetu, kila tukianza kushambulia, mpira wa kwanza ni wa kapiteni. Tunauita mpira wa muzee. Ni kama kasiksi: hakuna anayeonja pombe ya ndizi kabla ya mwenye nyumba. Hata akiwa amezingirwa na watu, unampa. Akishaugusa, wengine nao wanaweza kuutafuta.

Leo Kambale, winga wetu, alikuwa peke yake kabisa upande wa kuume, mikono juu, kama mtu anayesimamisha lori. Nilimwona. Nikampa Papa Anselme. Tukaupoteza.

Nimechoka, na si miguu.

Jumatano, 6 Juni

Nimekuwa nikiwaza jinsi kila mahali panavyojitengenezea demi wake.

Kambale alikulia Butembo, kwenye kiwanja kilicho ubavuni mwa kilima. Huko mpira ukitoka unashuka hadi bondeni, na aliyeupoteza ndiye anayeufuata. Ndiyo maana Mnande, mtu wa huko, hatoi mpira ovyo. Tunamtania kwamba anaushika kama anavyoshika faranga. Mtu wa Rutshuru amejifunza malishoni, katikati ya ng'ombe: mpira chini, chenga fupi, haraka hana. Wale wa Vitshumbi wamecheza mchangani kando ya ziwa, mapaja kama ya viboko, wanapiga mbali mno.

Sisi tumejifunza juu ya makoro. Hapa mpira ukidunda hujui utaelekea wapi, kwa hiyo tunautuliza upesi na kuinua kichwa. Hakuna demi anayeinua kichwa mapema kama wa Goma. Najivunia hilo.

Halafu tukishainua kichwa, tunafundishwa kutafuta mvi kwanza, nafasi baadaye. Tunapewa macho, kisha tunafungwa kitambaa. Na mdomo vilevile. Kijana hamwiti mkubwa kwa jina tupu, hata nyumba ikiungua. Lazima Papa kwanza, au Muzee, na sauti ya chini. Ukimaliza heshima zote hizo, mpira uko kwa adui. Basi tunanyamaza. Wakubwa wanapiga kelele, sisi tunakimbia.

Jumapili, 10 Juni

Nimefanya. Siwezi kusema haikuwa mimi.

Tulicheza na Rutshuru. Bila bila karibu hadi mwisho, wao na chenga zao, sisi na vumbi letu. Nilipata mpira katikati, nikainua kichwa. Kambale peke yake tena. Papa Anselme alikuwa amesimama katika njia ya mpira huo, mgongo wake kwangu, mkono nyuma, akiudai. Nikapiga kelele: Anselme, toka!

Jina tupu. Mbele ya watu wote, na mapadri, na Mama Veronika mke wake.

Nadhani alitoka kwa mshangao tu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mpira ukapita. Kambale akafunga. Tukashinda.

Hakuna aliyenishika mkono. Kambale alianza kuja, akaona nyuso za wengine, akageuka kufunga kamba ya kaptula. Nyumbani chakula kiliwekwa. Papa Anselme alikula bila kunitazama. Mama Veronika alinitazama sana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Jumatatu, 11 Juni

Wakubwa wa timu wamekaa uani kwetu jioni. Aliyezungumza ni Muzee Gasana, aliyecheza zamani na sasa anatunza jezi na mpira, na huwezi kugusa kimoja bila kusikia habari za magoli yake.

"Goli tuliona," alisema. "Lakini uliita baba yako sawa vile mutu anaita imbwa."

Hukumu: nilete mtungi wa kasiksi, nipige magoti kiwanjani mbele ya timu nzima, niombe msamaha. Nisipofanya, sichezi na Bukavu tarehe 24. Wala siku nyingine.

Nilisema: "Hapa kwa nyumba nitapiga magoti sasa hivi. Kwa kiwanja, apana. Kule sikukosa."

Nilipiga kweli. Nilishuka chini pale uani, nikamwomba Papa Anselme anisamehe kama mtoto wake. Aliendelea kukwangua chokaa kwenye kucha. Gasana alisema magoti ya uani si magoti ya kiwanjani. Nilijibu kwamba hilo ndilo nililokuwa ninasema na mimi. Wakaondoka wakitikisa vichwa.

Chokaa yake nitachanganya kesho kama kawaida. Lakini sitaleta mtungi.

Jumatano, 13 Juni

Sikwenda kuokota mawe. Vijana wengine nao, sijui nani aliwaambia, walichelewa. Nasikia wakubwa walicheza juu ya makoro kama yalivyo na Gasana mwenyewe alijikwaa akipeleka mpira.

Nimefurahi. Si tabia nzuri, lakini nimefurahi.

Kazini Papa Anselme ananiongelesha kwa kidole. Kidole kwenye maji, kidole kwenye mchanga. Sawa. Na mimi ninachanganya chokaa yake vizuri kuliko siku zote, asije akapata la kusema.

Jumamosi, 16 Juni

Mama Veronika amepika kasiksi bila kuniambia. Nilikuwa naona ndizi zikivundikwa nyuma ya jiko, nikadhani kuna sherehe ya kanisa. Leo kaniita, kanionyesha mtungi, umefunikwa kwa jani safi. Wangu. Niubebe tu.

"Kupiga magoti haivunje mufupa, mutoto wangu," alisema.

Nampenda huyu mama. Alinichukua nikiwa na upele kichwani. Niliona mikono yake imekuwa myekundu kwa kukamua ndizi. Bado nilikataa. Nilimwambia nikipiga magoti kule, siku ya Mungu itakayofuata, Jumapili ya mechi, nitamwona Kambale tena peke yake, na nitanyamaza tena, na itakuwa hivyo hadi niote mvi na mimi nianze kudai mpira wa watoto.

Alikasirika. Alisema baba yangu mzazi alikuwa hivihivi, kichwa cha jiwe. Alisema kama tusi. Mimi nimelichukua kama zawadi.

Kasiksi imenywewa na majirani, baada ya Papa Anselme kupewa kikombe cha kwanza kama mwenye nyumba. Kambale peke yake kamaliza karibu nusu, huku akinisihi niwe na akili.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya misa nimekusanya vijana kwenye uwanja mdogo nyuma ya barabara. Makoro matupu, hakuna aliyewahi kuusafisha. Nilitoa sheria moja: humu ndani kila mtu ana jina moja tu. Nje, rudisheni heshima zenu zote.

Mwanzoni aibu. Safari, mdogo wetu mmoja, hakuweza kumwita kaka yake mkubwa. Mdomo ulifunguka, sauti ikakataa. Kisha akalipuka na jina, kaka yake akageuka, akapokea mpira, akafunga. Wote wawili walicheka mpaka wakakaa chini. Baada ya hapo ilikuwa kama sokoni. Majina kila upande. Nyuma yako! Pascal, kushoto! Achilia!

Nina miaka mingi katika mpira na leo ndiyo mara ya kwanza nausikia.

Wapita njia walisimama. Mmoja alisema tumerogwa. Waseme.

Ijumaa, 22 Juni

Nimemwona Papa Anselme alfajiri, kiwanjani, peke yake. Alikuwa anakimbia na mpira hadi golini na kurudi. Hakuniona. Mguu wa kushoto unaburuta. Alipoinama kupumua alishika magoti kwa muda mrefu.

Nilisikia huruma. Kisha nikakasirika kwa kusikia huruma. Hakuna aliyemwambia kwamba mguu umekwisha. Nani angemwambia? Kila mtu anampa mpira kwa mikono miwili.

Jumapili, 24 Juni

Nimechoka lakini lazima niandike.

Bukavu walishuka na meli jana. Demi wao ni kijana wa umri wangu, mwembamba, na alikuwa anawaita watu wenye ndevu kwa majina yao. Nao walikwenda alikowatuma. Nilikuwa nimesimama kando na watazamaji, karibu na Muzee Gasana.

"Batoto ba Bukavu habana adabu," Gasana alisema. Wakafunga la kwanza.

Mahali pangu walimweka Safari. Maskini alifanya kama alivyofundishwa. Kila mpira kwa Papa Anselme. Bukavu hawakuhitaji muda kuelewa. Waliweka watu wawili juu yake na kusubiri. Walijua mpira utakwenda wapi kabla Safari mwenyewe hajajua. Wakampiga miguu, wakamwangusha, akaamka, akaletewa mwingine. Hivyo ndivyo tulivyomheshimu leo: tulimpelekea kipigo kimoja baada ya kingine. Watazamaji walipiga makofi ya adabu. Nilitaka kulia.

La pili likaingia. Mapumziko.

Papa Anselme akavuka kiwanja, moja kwa moja kwangu. Ugoko ulikuwa unavuja damu. Alisema neno la kwanza tangu ile mechi.

"Ingia."

Gasana akasimama kati yetu. "Na kasiksi iko wapi?"

"Kasiksi nilishakunywa kwa nyumba yangu," alisema Papa Anselme. "Mutoto aingie."

Nilimwambia: "Papa, nikiingia nitaita."

"Ita."

Safari alinipa jezi yake bila kusubiri aambiwe. Iliniwia ndogo.

Mpira wa kwanza nilioupata, wale wawili wa Bukavu walishaanza kumkimbilia Papa Anselme, maana walijua. Nikapiga kelele: Anselme, acha ipite! Akapanua miguu. Mpira ukapita katikati, wale wawili wakamgonga yeye, Kambale akawa na kiwanja kizima kama shamba lake. Goli.

Watoto waliokuwa kando wakaanza kuiga. Anselme! Anselme, acha! Wakicheka. Watu wazima wakacheka nao. Mwashi ambaye nusu ya nyumba za mtaa amezijenga yeye, anaitwa na vitoto vyenye kamasi. Nilisikia haya mpaka masikioni. Nikamtazama. Aliniambia kwa kichwa: endelea. Nikaendelea kuita, mpaka sauti ikakauka, na yeye akaendelea kwenda nilikomtuma, na mguu ule ukiburuta.

Halikuingia lingine. Tumefungwa mawili kwa moja.

Jioni hii wakubwa wamekutana, safari hii si uani kwetu. Wamemvua ukapiteni. Kapiteni anayeitwa na mtoto si kapiteni, ndivyo Gasana alivyotuma ujumbe. Walitaka kunitoa mimi, wameona waanze na yeye. Papa Anselme aliusikiliza ujumbe, akamshukuru aliyeuleta, akamkaribisha chakula.

Nikafikiri atanipiga. Ningekubali. Lakini kuhusu kuita, nisingeomba msamaha hata hapo, na nadhani alijua.

Jumatatu, 25 Juni

Tumejenga ukuta wa mfanyabiashara, karibu na ziwa. Vumbi la kiangazi, milima haionekani. Nilichanganya chokaa, nikapitisha mawe. Watu wawili walipita wakamwita Anselme kwa kicheko. Aliwaitikia, akaendelea kupima na kamba.

Jua lilipokuwa juu akasema bila kugeuka:

"Siku ya Mungu inakuya, nisimame wapi?"

Nilishika jiwe mkononi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho. Ningeweza kumdanganya. Ningemwambia mbele, palepale, angefurahi.

"Nyuma, Papa. Karibu na goli yetu. Mbele mguu haufike tena."

Akagonga jiwe kwa nyundo mpaka likakaa sawa, akapitisha kiganja juu yake.

"Kutoka mbele mpaka nyuma ni mbali," alisema.

"Ni mbali, Papa."

Akanyoosha mkono nyuma, nikamwekea jiwe lingine. Tukajenga mpaka jioni.