Hati ya Uhuru Ilivyorudishwa na Masjala

Alhamisi, 11 Desemba. Eldoret.

Jua limewaka tangu asubuhi, malori ya mahindi yamejaza mji vumbi, na mimi nina wivu.

Nimeandika hilo mapema nisije nikajificha nyuma ya hali ya hewa. Nimefika nyumbani Kapsoya, nimevua viatu, nimekataa chai, mpaka watoto wakaniuliza kama naumwa. Nikawaambia ni kichwa. Si kichwa. Ni Rael.

Wewe unayesoma hapa humjui Rael. Ni karani mpya ofisini kwetu, msichana wa Moiben, mpole, wa kucheka na kila mtu hadi mlinzi wa getini. Mimi ndimi mwenye masjala, pale ambapo kila faili hugongwa muhuri na kuandikiwa maoni kabla ya kufika kwa bosi. Na kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya Jamhuri, ofisi hufanya sherehe ndogo, na igizo la sherehe hiyo huliandika mimi. Niliandika la ng'ombe aliyegombea udiwani. Niliandika la bwana harusi aliyesahau njia ya ukweni. Watu hucheka kidogo, kwa adabu, kisha wanarudia nyama yao. Lakini bosi alizoea kuniambia mbele ya wageni, "Huyu Mama Sheila ndiye mwandishi wetu," na maneno hayo yalikuwa yakinitosha mwaka mzima.

Mwaka huu bosi alisema tumpe Rael nafasi.

Mgeni njoo mwenyeji apone, hivyo ndivyo husemwa. Mimi sikupona hata kidogo.

Mwezi uliopita andiko lake lilitua kwenye trei yangu. Maigizo yangu mimi sikuwahi kuyapitisha masjala, nilikuwa nikimpa bosi mkononi tu. Rael, kwa ugeni na heshima zake, alidhani kila karatasi ya jengo lile lazima ipite kwangu. Nikalisoma nikiwa nimesimama. Nchi imepata uhuru, na mzee mmoja ametumwa apeleke hati ya uhuru ofisini isajiliwe, maana bila kusajiliwa uhuru hauwezi kuanza kutumika. Karani anamwambia alete kwanza barua ya chifu. Mzee anamweleza kwamba chifu aliwekwa na wakoloni, na wakoloni wameshafunga mizigo. Karani anamjibu, basi kimbia uwawahi kabla hawajaondoka.

Nilicheka. Peke yangu, katikati ya mafaili, nilicheka mpaka nikashika kabati.

Hapo ndipo nilipokasirika.

Niliketi nikachukua kalamu, nikaandika kama ninavyoandikia faili nyingine zote: "Hati haina barua ya kuisindikiza. Nakala ni moja, zinatakiwa tatu. Irudishwe kwa mhusika." Nikagonga muhuri. Rael akaja kuichukua, akasoma, akatabasamu, akanishukuru. Baada ya siku chache ikarudi na barua na nakala tatu safi. Nikairudisha tena. Safari hii nilisema barua haijatiwa sahihi na mkuu wa kitengo chake, na nilijua vizuri kwamba mkuu huyo yuko likizo kijijini kwao Ziwa, anavuna mahindi. Nikaandika, "Mhusika asubiri mavuno."

Sijui aliipata wapi sahihi ile, lakini aliipata. Hati ikarudi kwa mara nyingine, na sasa sikuwa na kosa la kuliona. Nililitafuta. Nilipindua kurasa kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Mwisho nikaandika hivi: "Mwandishi ametaja uhuru bila kueleza ni wa aina gani, utatunzwa wapi, na nani atawajibika ukipotea. Afafanue kwa maandishi." Nikatia sahihi nikaenda kunywa chai, na chai ile ilikuwa tamu.

Nilitaka nini? Nilitaka siku ziishe, bosi aje mbio masjala aseme, Mama Sheila, tuokoe. Rael alipochukua faili asirudi tena, nikajua nimeshinda. Nilikuwa hata nimeanza kuandika langu kimyakimya, la mkwe aliyekuja kusalimia akahamia. Bosi hakuja.

Leo basi. Viti vimepangwa ukumbini, mbuzi yuko mezani, mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, imeletwa na mama yake Rael kutoka Moiben. Dereva wetu Wanjala, ndiye mzee wa igizo, akaingia amevaa koti kubwa, hati ya uhuru ameifunga kwenye leso. Mhasibu wetu ndiye aliyekuwa karani. Mambo ya chifu yakapita, watu wakacheka vizuri. Kisha mhasibu akafungua kinywa, yakatoka maneno yangu.

Yote. Barua ya kusindikiza. Nakala tatu. Mkuu wa kitengo yuko Ziwa anavuna, na wewe na uhuru wako mtasubiri mavuno. Bosi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Halafu mhasibu akavaa miwani, akaipekua hati polepole, akamtazama Wanjala kwa masikitiko kabisa: "Mzee, umetaja uhuru hapa. Ni wa aina gani? Utatunzwa wapi? Na nani atawajibika ukipotea?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mzee mmoja mstaafu aliyealikwa alisimama akapiga makofi akisema, "Hapo! Hapo amesema!" Kicheko cha namna ile nimekiota miaka yote niliyoandika, na kilipokuja kilinikuta nimeshika mfupa.

Yalikuwa maneno yangu, na sikuwa na njia ya kuyadai. Ningesimama niseme nini? Kwamba mimi sikuwa natania?

Rael akanijia na kikombe cha mursik, macho yamelowa kwa furaha. "Mama Sheila, aki asante. Nilikuwa nimekwama kabisa. Huyo karani wangu alikuwa ameisha maneno, halafu hizo komenti zako zikaanza kuja. Nikaambia mathe wangu nyumbani, huyu mama ananitumia vichekesho kwa faili ndio bosi asijue ananisaidia."

Nilimchunguza usoni nikitafuta kejeli. Ningeipenda kejeli, ningejua la kufanya nayo. Haikuwepo. Msichana huyu aliamini kweli.

"Karibu, binti yangu," nikasema, nikanywa mursik yake.

Alitaka anitaje mbele ya watu. Nikamshika mkono nikamkataza haraka, na sasa anadhani pia nina unyenyekevu. Bosi naye alipokuwa akiwaaga wageni alimweka Rael mbele yake akasema, "Huyu ndiye mwandishi wetu." Maneno yale yale. Hakubadilisha hata moja.

Kwa hivyo nina wivu, na hapa kwangu nitasema. Namwonea wivu kwa chifu na wakoloni waliofunga mizigo, kwa sababu hayo ni yake na ni mazuri. Lakini zaidi namwonea wivu kwa kuwa nilimtumia roho mbaya yangu, imegongwa muhuri na kutiwa sahihi, naye akaisoma kama zawadi. Mimi ningetumiwa maoni kama yale ningelia chooni.

Nimejaribu kumwambia ukweli kwa simu. Nimeandika ujumbe, nikaufuta. Kabla sijaandika mwingine, wake ukaingia. Bosi amempa igizo la sherehe ya kumuaga mwenzetu anayestaafu mwakani, na Jumatatu ataniletea andiko masjala. Anaomba nimwandikie maoni, makali kama yale.

Nimemjibu ndiyo. Safari hii nataka kumsaidia kweli, na hilo ndilo linalonitisha. Miaka yote niliandika kwa moyo mmoja wakacheka kwa adabu. Niliponuna, ukumbi ukaanguka. Sasa Jumatatu nikiandika kwa roho safi, nani atacheka?